Mita Arobaini na Nne za Kitenge

Jumatatu, 16 Juni

Tka! Sauti hiyo haijanitoka kichwani tangu mchana. Msimamizi wetu wa ghala, pale Okolona, alivuta tepu yake ya chuma, akapima boksi, akasema inchi kumi na tisa na tano ya nane, akaiachia tepu. Tka! Kama mlango uliofungwa usoni mwangu.

Tano ya nane! Nchi iliyofikisha watu mwezini inapima boksi la viatu kwa vipande vya keki.

Nilimwuliza kwa nini hawatumii sentimita. Akanitazama kwa upole, kama mtu aliyeulizwa kwa nini ana pua. Akasema nyumba yake ilijengwa na babu yake kwa futi na inchi: milango, madirisha, mabomba, hadi misumari. Mita ikiingia, nani atakuja kumbadilishia milango? Kisha akapima boksi lingine. Tka!

Jibu nimelipata sasa, saa sita baadaye, jikoni: milango yako haihusiani na boksi la viatu! Nitamwambia kesho. Hapana, sitamwambia. Nitamwonyesha.

Ni miaka tisa sasa tangu tutoke kambi ya wakimbizi kuja Louisville, na sijasahau wiki ya kwanza. Dada yangu mkubwa, Yaya Clémence, aliugua. Muuguzi akasema joto lake ni mia moja na mbili. Mama akapiga magoti palepale sakafuni. Alijua maji huchemka kwa mia! Alimwombea mtoto anayechemka. Muuguzi hakuelewa tunalia nini; kwa Farenhaiti yake ilikuwa homa ya kawaida. Sitaki mama wa mtu mwingine apige magoti bure. Kwa hiyo nimeamua kuwageuza. Nitaanza na watu wangu, taifa litafuata.

Na nafasi imepatikana leo leo. Yaya Clémence anaolewa Jumamosi tarehe 5 Julai, Buffalo, na Cubaka wake. Jioni hii akina mama wa familia walikutana kwetu, mtaa wa Iroquois, kuamua nani atashughulikia sare. Kila mtu alimtazama binamu yangu Patricia. Patricia naye alijitazama kucha, kama mtu aliyekwisha kuchaguliwa. Nikasimama. Nilizungumza dakika kumi na moja juu ya usahihi. Mwishowe Mama akasema: "Bon. Apewe yeye, tukalale."

Nimeshinda! Patricia alinipongeza kwa Kiingereza. Yeye hunipongeza kwa Kiingereza akiwa na hasira.


Jumanne, 17 Juni

Maagizo ya Mama: wanawake kumi na wawili, kila mmoja vikwembe viwili, yaani vipande viwili vya kujifunga, kitenge cha ndege wa buluu alichokichagua mwenyewe mwezi wa tatu, kwa Mama Florida, muuza vitenge wa Columbus, si kwa mwingine. Nimpigie tu Mama Florida, nimwambie tuko kumi na wawili. Anajua.

Anajua! Hivi ndivyo mataifa yanavyoanguka.

Nilikaa na karatasi kufanya hesabu ya kweli. Kikwembe kimoja ni nini? Nikamwuliza Mama, akasema kikwembe ni kikwembe. Nikasisitiza. Akasema ni yadi mbili, sasa nimwache achambue maharage.

Yadi! Nilishika meza. Bukavu, ambako mwalimu alituchapa viboko kwa ajili ya desimita, mama zetu walikuwa wanajifunga yadi za Mwingereza kiunoni na hakuna aliyesema kitu! Nimevaa yadi tangu nizaliwe. Nilibebwa mgongoni kwa yadi.

Nilijituliza. Hata yadi ya Wamarekani, nimesoma, tangu mwaka 1959 imewekwa kwa kipimo cha mita: 0.9144 kamili. Kumbe ni mita iliyovaa kofia. Nitaivua.

Wanawake 12, mara vikwembe 2, mara yadi 2: yadi 48. Mara 0.9144: mita 43.89. Nikapandisha hadi 44, maana mimi si mchoyo. Nikamwandikia Mama Florida: "Shikamoo, Mama. Kitenge cha ndege wa buluu, 44 tafadhali. Apelekewe fundi Kornelia hapo hapo Columbus."

Akajibu kwa kidole gumba. Dakika tatu tu! Mama angeongea naye saa nzima kuhusu magoti yake.


Alhamisi, 19 Juni

Nimewaomba wanawake wote vipimo vyao kwenye kundi la WhatsApp, kwa sentimita, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Niliweka na picha ya tepu yenye mshale unaoonyesha upande sahihi.

Majibu. Saba wametuma vizuri. Wawili wametuma saizi za viatu. Mama mdogo Joselyne, wa Columbus, ametuma picha ya kamba yenye mafundo manne, na sauti: kamba yenyewe ameshaipeleka kwa fundi, fundo la tatu ni nyonga, tusishangae.

Patricia ametuma inchi. Zote inchi. Nikamwandikia kwa heshima kwamba kundi hili linatumia sentimita. Akajibu kwa sauti, ili watu wote wasikie: "Yaya Nzigire, mi nilikomalia Kentucky, nilikulia huku. Kiuno yangu inajua inchi tu. Ukiipima na sentimetre itaogopa." Vicheko kumi na kimoja. Nimevihesabu.

Nikahamia jikoni. Mama hupima maharage kwa kopo la maziwa ya mtoto, lile lile alilotoka nalo Bukavu, likapita kambini, likapanda ndege. Limebonyea ubavuni. Nililipima: likijaa maharage ni kilo 1.1. Nikaandika ubavuni kwa kalamu isiyofutika: 1.1 KG. Maendeleo!

Jioni nikapima tena maharage aliyoyatoa Mama. Kilo 1.4! Nikamwita. Nikamwonyesha maandishi, nikamwonyesha mizani. Mama akasema leo Mjomba Birindwa anakula kwetu, na kwa mgeni kopo hujazwa mpaka limwagike. Nikasema basi si kopo moja. Akasema ni kopo moja. Nikasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba kitu hakiwezi kuwa 1.1 na 1.4 kwa wakati mmoja. "Weye mutoto," akasema, "ulishaona mugeni anakula namba?"

Mjomba Birindwa alikula mara mbili.


Ijumaa, 20 Juni

Nimesoma sheria yao wakati wa mapumziko. Ni hivi. Mwaka 1866 Bunge lao liliruhusu mita. Mwaka 1975 likasema watu wahamie mita, lakini kwa hiari. Wakaunda na bodi ya kuwahimiza watu. Mwaka 1982 bodi ikavunjwa. Watu walikuwa hawajahama.

Kwa hiari! Mama yangu angetunga sheria ya namna hiyo? "Oga, ukipenda." Tungekuwa na ukoko mpaka leo.

Hapo ndipo nilipoona tatizo. Hawakuhitaji sababu, walihitaji lebo. Nikachukua karatasi za kubandika, nikaandika urefu wa kila rafu kwa sentimita, nikazibandika juu ya namba za futi, safu nzima ya sita. Nilikusudia kumpa msimamizi mshangao.

Alishangaa. Dereva wa gari la kunyanyua mizigo alisoma 305, akadhani ni namba ya rafu, akaenda kuitafuta rafu ya 305, ambayo haipo, akazunguka ghala nusu saa akiwa na mzigo angani. Hakuna aliyeumia. Nimehamishiwa kwenye meza ya gundi. Patricia, ambaye ni kiongozi wa safu ya saba, alipita mezani kwangu mara nne bila sababu.

Msimamizi hakunifokea. Alisema hata yeye huzoea polepole, soda ananunua kwa lita na dawa ya presha anameza kwa miligramu. Lakini rafu ni rafu. Nilibandua lebo tisini na sita kwa kucha.


Jumamosi, 21 Juni

Maafa. Maafa makubwa.

Asubuhi Mama Florida alituma ujumbe wa sauti. Anawasalimu wote, anamsifu Mungu, magoti yanaendelea vizuri. Halafu: "Donc, yadi makumi ine na ine nimepeleka kwa fundi, bikwembe makumi mbili na mbili. Ile ndege ya buluu ilikuwa ya mwisho, haiko tena hata moja."

Yadi arobaini na nne. Yadi!

Sikuandika m. Niliandika 44 tu. Nani huandika m? Kwani kuna kitu kingine duniani?

Vikwembe ishirini na viwili badala ya ishirini na vinne. Vinavyopungua ni viwili. Vikwembe viwili ni mwanamke mmoja. Hesabu yangu imemfuta mwanamke mzima, bila salio.

Nimepiga simu kwa maduka sita, Louisville, Columbus, Cincinnati. Ndege wa kijani wapo. Ndege wa buluu wamekwisha.

Patricia kwenye kundi, saa nne asubuhi: "Sare inaendelea aje, yaya?" Nilituma kidole gumba.


Jumapili, 22 Juni

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa napunguza watu.

Mpango wa kwanza: mmoja asije arusini. Nilipitia majina yote kumi na mawili. Patricia ana afya njema kabisa.

Mpango wa pili, ambao ni mzuri. 44 ni sehemu kumi na moja za kumi na mbili za 48. Kwa hiyo kila mwanamke apunguzwe sehemu moja ya kumi na mbili, kila mahali, sawasawa. Nani atagundua? Nikaandaa jedwali safi, nikamtumia fundi Kornelia, kwamba haya ndiyo marekebisho ya vipimo. Alijibu upesi. Mama Kornelia alikulia Kigoma, Kiswahili chake kimenyooka kama pasi. "Mwanangu, huyu Joselyne nina kamba yake hapa mkononi. Kwa jedwali lako hatapita hata kichwa. Hawa ni watu au mito ya kochi? Mimi nakata kesho saa sita mchana."

Mpango wa tatu ulikuwa kumwuliza Mama, kwa kuzunguka. Tulikuwa tunamenya viazi. Nikasema, hebu tuseme tu, mfano, kwamba katika arusi fulani kitambaa kimepungukia mtu mmoja, huwa inakuwaje? Mama hakuacha kumenya. Akasema mama mwenye arusi hutoa chake. Hawezi kumvua mgeni wala dada. Anavaa alichonacho, anakaa nyuma.

Nikauliza kama aliwahi kuona jambo hilo. Akasema ndiyo. Arusi ya kaka yetu mkubwa, kambini. Kitambaa kilifika pungufu. Alivaa kikwembe cha jirani, chenye tundu la moto, akakaa karibu na masufuria, na picha zote za siku ile hayumo. Alisema vile vile anavyosema bei ya viazi. Halafu akasema ndiyo maana hii ya Clémence ameisubiri, tangu mwezi wa tatu anajiona ndani ya wale ndege.

Nilijikata kidole. Mama akasema kisu hakinitaki.

Nitatoa changu. Hapana, haitasaidia: dada wa bibi arusi bila sare, watu watauliza, na Mama atanivalisha chake kwa nguvu. Namjua. Kuna njia moja tu. Kesho nisiende kazini. Basi la asubuhi, Columbus, kabla ya saa sita. Nimzuie mkasi.


Jumatatu, 23 Juni

Naandika ndani ya basi la kurudi. Naandika na tabasamu, abiria wa kando amehama kiti.

Basi la asubuhi lilichelewa. Nilifika kwa Mama Kornelia saa saba na robo, nikikimbia. Anashonea sebuleni kwake, mashine mbili na mabinti wawili. Nikiwa mlangoni nikasikia: krrrrr. Mkasi ndani ya kitambaa kizito. Nikapiga kelele simama, acha! Binti mmoja akanyanyua mikono juu.

Alikuwa ameshakata wanane. Nilikaa juu ya kapu la vitambaa nikakiri kila kitu. Mita, yadi, herufi m, jedwali, tundu la moto. Nililia kidogo. Mama Kornelia alinisikiliza na pini mdomoni, kisha akazitoa moja moja na kuzichoma kwenye mkono wa nguo yake. Aliuliza wamebaki wangapi. Nikasema wanne, na kitambaa cha watatu.

Hakugusa tepu. Alishika pindo la kitambaa kwenye pua, akanyoosha mkono, akavuta. Pua, mkono. Pua, mkono. Nilitaka kumwambia kwamba pua si kipimo. Sikuthubutu.

Akasema: "Wanne wapo."

Nikasema haiwezekani. Akasema nipime mwenyewe basi, na hiyo akili yangu. Nikatoa tepu yangu kwenye pochi. Wanawake wanne wanahitaji mita 14.63. Nikapima sakafuni kwa magoti, mabinti wakiinua miguu. Mita 15.37! Nikapima tena. 15.37! Nikapima kutoka upande mwingine, labda kuna tofauti. Hakuna!

Wote kumi na wawili wamo. Na sentimita sabini na nne juu.

Nilimpigia Mama Florida palepale. Nikamwuliza, je, alikosea kupima? Alichukia kidogo. Miaka thelathini anauza bitenge, Uvira, Bujumbura, Columbus, hajawahi kukosea. Nikamwuliza basi hii zaidi imetoka wapi. Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe kila akipima kikwembe kimoja anaongeza shubiri moja ya mkono wake, hapo hapo, bila kukata. Matabishi, nyongeza ya bure kwa mteja. "Sasa mutu ananunua bikwembe makumi mbili na mbili, mi nimunyime matabishi? Mi ni mashini?"

Shubiri ishirini na mbili! Nimezifanyia hesabu kwenye basi. Shubiri ya Mama Florida ina sentimita ishirini, karibu sawa na yangu. Mara ishirini na mbili: mita nne na nukta nne. Mwanamke mzima amejificha kwenye vidole vya Mama Florida.

Mama Kornelia ameahidi kunyamaza. Hata hivyo alisema kipande cha sentimita sabini na nne atajua la kukifanyia. Alinipa chapati mbili za njiani. Nimezila zote kabla ya Cincinnati. Sikuwa nimekula tangu Jumamosi!

Nje ni mashamba ya mahindi, mabango ya maili. Maili 50 kufika Louisville. Leo hata maili sizichukii. Nazisamehe.


Ijumaa, 4 Julai

Buffalo! Tumefika, hai, tukiwa na saa moja ya kuchelewa ambayo wananisingizia.

Jana tulilala Columbus, tukachukua sare zote kwa fundi. Kila mtu aliijaribu. Mama mdogo Joselyne alizunguka mara tatu mbele ya kioo, akasema kamba haisemi uongo. Patricia alizikagua nguo moja moja, pindo kwa pindo, akitafuta. Hakupata. Alirudia kuzihesabu. Kumi na mbili. Nikamwuliza kwa upole kama inchi zake zimestarehe.

Leo asubuhi tukaondoka kwa gari la abiria kumi na tano, Mjomba Birindwa akiendesha, mimi kando yake nikisoma ramani ya simu. Nilikuwa nimeibadilisha iwe ya kilomita. Ni sikukuu yao ya uhuru, nikaona inafaa: wamemfukuza mfalme wa Uingereza karibu miaka mia mbili na hamsini iliyopita, futi zake wamebaki nazo. Nililieleza hilo kuanzia Columbus mpaka karibu na Cleveland. Nilifafanua pia kwamba galoni ya Marekani si ya Uingereza hata kidogo, ni ndogo. Nyuma walikuwa wanaimba.

Karibu na Cleveland simu ikasema baada ya mita mia nane toka kulia. Nikamwambia Mjomba: mita mia nane. Akauliza hiyo ni mbele ao ni hapa. Nikasema ni mita mia nane! Akasema anajua kuendesha na maili, na dakika, na "pale kwa kituo cha mafuta". Wakati tunaelewana, njia ya kutokea ilikuwa nyuma yetu. Tuliona sehemu kubwa ya Cleveland. Ni mji mzuri.

Mama aliomba simu irudishwe kwenye maili. Patricia aliirudisha. Alitumia kidole kimoja tu, kwa maringo.

Mchana Cubaka alikuja kutupokea kutoka kwake Amherst, akanipeleka mimi na Yaya Clémence mtoni. Ng'ambo ni Kanada. Ng'ambo ile pale, naiona, nyumba zake, magari yake, ni kilomita tupu! Ukivuka daraja, vibao vyote vya barabarani ni mita na kilomita. Nilisimama kwenye ukingo wa mto, upepo usoni. Karibu nilie.

Cubaka ni mtu mwema, anafanya kazi kiwandani na hajui lini anyamaze. Akasema ana mwenzake kazini kutoka huko huko ng'ambo. Petroli ananunua kwa lita, sawa. Lakini ukimwuliza urefu wake anasema futi sita. Uzito anataja kwa ratili. Na mke wake anaoka keki kwa Farenhaiti, maana jiko la mama yake ndivyo lilivyokuwa.

Nilimwambia huyo mwenzake ni mtu mmoja tu. Akasema ni kiwanda kizima.

Nikaacha kutazama ng'ambo.


Jumamosi, 5 Julai

Wameoana!

Naandika kwenye ngazi za nje ya ukumbi, jua bado lipo, ngoma ndani. Nimetoka kupumua.

Tuliingia kumi na wawili kwa mistari miwili. Ndege wa buluu ishirini na wanne, ukihesabu kwa vikwembe. Mama alitangulia. Kichwani alikuwa na kilemba cha kitambaa kile kile, kilichosimama kama tausi, peke yake kati ya wanawake wote. Sentimita sabini na nne! Mama Kornelia hakuniambia. Ukumbi ulisimama, upande wa Cubaka wakapiga vigelegele, na Mama, ambaye hutembea haraka kila mahali kana kwamba sufuria inaungua, alitembea polepole. Polepole sana. Mpiga picha alimpiga labda mara mia. Yumo katika kila picha. Nilihakikisha, nilikwenda kuangalia kamera yake mara mbili, akaniomba nikae.

Nilikula sahani tatu za sombe, kisamvu chetu.

Baadaye Patricia alikuja kukaa nami. Alinipongeza, kwa Kiswahili. Nikashtuka. Kisha akauliza, akitazama mbele: "Yaya, ulipimisha na yadi ao na mita?" Nikasema nilipima kwa akili. Akasema Mama Florida humpigia mama yake kila Jumanne, wanaongea juu ya magoti na mambo mengine. Akaniacha hapo.

Anajua! Anajua tangu Jumanne ya tarehe 24! Na hakusema kwenye kundi. Siku kumi na moja alinyamaza. Sielewi anachotaka. Labda hataki kitu. Hiyo ndiyo inanitia wasiwasi zaidi.

Halafu Mama, tukiwa mezani, akapanga kilemba chake na kuniambia sikioni, kama jambo la kawaida: "Njo maana nilikutuma kwa Florida, si kwa mwengine. Weye uko na akili mingi. Mutu wa akili mingi, unamutuma kwa mwenye mukono mukubwa."

Kumbe na yeye! Nikauliza tangu lini. Akasema tangu nilipouliza habari za mtu mmoja kupungukiwa huku nikijikata kidole. Alimpigia Florida usiku ule ule. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia, nimesafiri mpaka Columbus na moyo mdomoni. Akasema alitaka kuona kama nitakwenda.

Akanipa mfupa wake wa mbuzi, ule mzuri.


Jumapili, 6 Julai

Ndani ya gari, tunarudi nyumbani. Wote wamelala isipokuwa Mjomba Birindwa, ambaye ramani anaitunza mwenyewe, na mimi, ninayefikiri.

Nimefikiri kwa maili mia tatu. Nimetulia sasa, naona wazi. Siku zile za hofu zilinifanya nisione jambo la msingi kabisa. Niliagiza 44. Ukijumlisha yadi za Mama Florida na shubiri zake, kitambaa kilichofika kwa fundi kilikuwa mita 44.63. Arobaini na nne! Mita! Niliagiza mita arobaini na nne, nikaletewa mita arobaini na nne na kidogo. Hesabu yangu haikukosea mahali popote. Kilichoniangusha ni hofu tu, na hicho kidogo, ambacho hakuna aliyekiomba.

Kwa hiyo tatizo si namba zangu. Tatizo ni mikono ya watu.

Tulipopumzika kununua mafuta, mama wa kwaya yetu alipiga simu. Kwaya inataka sare ya Krismasi, wanawake kumi na sita, Mama akiwemo mstari wa mbele. Amesikia ya Buffalo ilitoka vizuri, anatafuta mtu. Patricia alikuwa amelala. Nikasema nipo.

Nimeshafanya. Kumi na sita, mara vikwembe viwili, mara yadi mbili, mara 0.9144, ni 58.52. Nikapandisha hadi 59. Safari hii si kwa Mama Florida, Mungu ambariki. Nimepata duka kwenye mtandao, huko Texas, wanakata kwa mashine, kamili, bila nyongeza hata ya unywele. Palikuwa na kisanduku kimoja cha kujaza idadi. Nimeandika 59, nimebonyeza, wamethibitisha.

Mbele ya 59 hapakuwa na haja ya kuandika chochote.